Pima kiti kabla ya kupatana na dereva

Kabla hujapatana na dereva wa kukupeleka kazini, pima kiti chako cha magurudumu ukiwa umekikalia: upana kati ya kingo za nje za magurudumu, urefu hadi ncha za vidole vya miguu, na kimo kutoka sakafuni hadi utosini. Kimo ndicho husahaulika, na hapo ndipo watu hukwama mlangoni. Jumlisha uzito wako na wa kiti; kiti cha betri peke yake huweza kuzidi kilo 100, na lifti ya gari inayopandisha kiti ina kikomo chake cha uzito. Mtumie dereva vipimo hivyo kwa maandishi.

Ndani ya gari, kiti kielekee mbele na kifungwe kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye fremu. Kisifungwe kwa magurudumu wala sehemu zinazochomoka. Breki ya ghafla huzing'oa. Mkanda wako mwenyewe wa usalama bado ni lazima uufunge, ile minne ni ya kiti tu.

Fanyeni safari ya majaribio siku ya kazi, saa ileile ya foleni. Na safari ya kurudi patana nayo mapema, kwa sababu jioni ndipo wengi huachwa.