Kubiti ya spini huanzia kwenye silikoni safi

Kubiti ya spini ni biti ya kompyuta ya kwantamu inayohifadhiwa katika spini, yaani usumaku mdogo wa elektroni moja. Kabla hujachora geti hata moja, yaani elektrodi ndogo ya kuiongoza elektroni hiyo kwa volti, tafuta silikoni-28, isotopu ambayo kiini chake hakina spini. Wengi hukimbilia umbo la kifaa. Mimi nakusihi uanze na malighafi. Silikoni ya kawaida ina takriban asilimia 4.7 ya silikoni-29, na kila kiini cha isotopu hiyo ni kisumaku kinachoisumbua spini ya elektroni. Galiamu aseniki, semikonda nyingine, ni ngumu zaidi, maana viini vyake vyote vina spini. Hakuna cha kuchuja. Ndiyo sababu njia hii ya kubiti za spini, iliyopendekezwa na wanafizikia Loss na DiVincenzo mwaka 1998, ilishamiri ilipohamia silikoni. Spini inayopoteza awamu yake (mpangilio wa kwantamu unaobeba taarifa) ndani ya nanosekunde kumi hivi kwenye galiamu aseniki imewahi kudumu mikrosekunde 120 kwenye silikoni iliyosafishwa.

Sasa tandaza geti za metali zenye upana wa makumi ya nanomita, ambazo volti zake huunda nukta, yaani kishimo cha kunasia elektroni, kisha poza kifaa chini ya kelvini 0.1.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Shusha volti ya geti iliyo juu ya nukta kidogo kidogo, ukitazama kigunduzi cha chaji kilicho kando: mkondo wake huruka kila elektroni inapotoka. Miruko ikikoma, usiamini upesi kwamba nukta imebaki tupu. Huenda elektroni zinatoka polepole kuliko unavyopima. Legeza kizuizi, yaani geti inayoitenga nukta na hifadhi ya elektroni, pima tena taratibu, ndipo uhesabu. Kisha rudisha elektroni moja.

Washa uga wa sumaku. Kwa tesla 0.5, spini hugeuzwa na mawimbi ya gigahezi 14 hivi. Napenda kuweka kisumaku cha kobalti juu ya geti: kila nukta hupata masafa yake, na spini hugeuzwa kwa volti tu.

Kusoma hali ya spini, isukume elektroni kuelekea nukta ya jirani yenye elektroni yake. Spini zikiwa sambamba, kanuni ya Pauli huizuia; zikiwa zimeungana kinyume, huhamia na kigunduzi huona.

Kuunganisha kubiti mbili, fungua kizuizi kati yao kwa makumi ya nanosekunde ili spini ziingiliane, huku nukta zote mbili zikiwa na kina sawa ili kelele za chaji zisipenye. Mwaka 2022 timu za watafiti za Delft (Uholanzi) na RIKEN (Japani) zilivuka usahihi wa asilimia 99 kwa operesheni za kubiti mbili. Funga kizuizi, kisha pima kama mwingiliano umezimika kweli. Ukibaki, ongeza volti hasi kwenye geti ya kizuizi hicho kabla ya kuongeza nukta ya tatu.