Sampuli za ndege wa mjini: anza na unyoya

Ukikusanya sampuli za DNA za ndege wa mjini, usikimbilie damu kabla hujatazama chini. Unyoya uliodondoka karibuni unatosha kwa kazi nyingi, na ndege mwenyewe hujamgusa. Kinachotafutwa kiko kwenye shina lake, ile ncha iliyokuwa ndani ya ngozi. Ukiipasua kwa wembe safi, mara nyingi utaona kidoa cheusi cha damu iliyoganda. Hapo ndipo penye mali. Kwa hiyo usiishike kwa vidole vitupu, vaa glavu au tumia kibanio.

Weka kila unyoya kwenye bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Unyevu ukinaswa humo, kuvu na bakteria huiharibu DNA. Uliopigwa jua na mvua siku nyingi, uache.

Ikibidi kuchukua damu, uwe na kibali na mtu aliyefunzwa kumshika ndege. Tone dogo kutoka mshipa wa bawa linatosha, maana chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, ambamo DNA hukaa, tofauti na zetu. Litie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na lebo andika kwa penseli, tafadhali! Niliwahi kufungua kisanduku nikakuta wino wote umeyeyuka. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

Na chini ya daraja wanapolala njiwa, manyoya kumi si ndege kumi. Okota yaliyoachana mbali.