Somo: Kumtafuta babu wa babu, kuanzia kihambani (shamba la ukoo la Uchaggani)

Wadau, somo hili niliahidi tangu Desemba tulipopanda wote kula Krismasi nyumbani Kilimanjaro. Deni lenu hili hapa.

Kwanza, usikimbilie Dar kwenye Nyaraka za Taifa. Tafuta bibi aliyekula chumvi nyingi kuliko wote katika ukoo, mpelekee sukari na kitenge, ukae. Mwaka usimuulize, atakubahatishia. Muulize alivyosikia: Wadachi (Wajerumani) walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga pale Old Moshi (Machi 1900), babu yake alikuwa ameshaoa au bado anachunga mbuzi? Waingereza walipoingia Moshi 1916 je? Huku Arusha uliza treni ilipofika, 1929.

Pili, makaburi ya migombani. Fuata masale, ile mimea ya Kichagga inayopandwa makaburini.

Tatu, vitabu vya ubatizo. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, na Wakatoliki walishatangulia Kilema. Mchungaji au paroko umwendee kwa adabu, ukiwa na mzee wa ukoo. Sasa hapa ndipo wengi hukwama: vitabu vya mwanzo waliandika Wajerumani, kwa masikio yao. Sh yetu kwao ni sch, y ni j, v ni w. Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame. Mimi nilimpita babu mara tatu, kidole kikiwa juu yake, natafuta Shayo kumbe kaandikwa Schajo. Na aliyebatizwa alipewa jina jipya, kwa hiyo soma pia safu ya wazazi.

Nne, majina ya mahali. Zile hadithi za "Mzungu aliuliza, mwenyeji akajibu hivi, jina likabaki" mimi sizipokei; ni za kuchekea kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Upande wa Arusha jifunze Kimaasai kidogo: engare ni maji, narok ni nyeusi, nanyokie ni nyekundu. Ngarenaro hiyo, maji meusi. Engare Nanyuki, maji mekundu.

MASWALI

Mkuu, sisi tunatumia jina la babu, la ukoo hatulijui kabisa.
— Mko wengi. Karani aliuliza jina la baba, akaandika, basi. Nenda siku ya kuchinja, uangalie nani anaitwa kupokea nyama na kwa nini yeye. Mgao wa nyama haubahatishi undugu.

Mimi ni Mmeru, babu aliondolewa Engare Nanyuki 1951. Nianzie wapi?
— Pole, kaka. Kwenu karatasi zipo, maana malalamiko yale ya Wameru kunyang'anywa ardhi yalifika Umoja wa Mataifa. Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, alikwenda mwenyewe New York 1952. Wewe ndiye wa kwenda Dar. Omba mafaili ya Jimbo la Kaskazini.

Shikamoo mwalimu. Bibi yangu anaongea Kirombo tu, nami nimezaliwa Mwanza, siambulii kitu.
— Marahaba mwanangu. Mrekodi kwa simu kwanza, tafsiri itafuata. Mtafsiri awe wa Rombo hukohuko, wa Machame atakupoteza, Kichagga chao ni kingine. Na nenda Jumamosi hii, usisubiri Desemba.