Mbeya hadi Guangzhou: piga hesabu ya safari kabla hujalipia tiketi

Mama mkubwa ana duka la vitenge Mwanjelwa. Juzi aliniuliza atakaa angani saa ngapi akienda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Tukakaa kaunta na kikokotoo, huku akiuza.

1. Pima umbali. Fungua ramani ya Google, gandamiza kidole Dar es Salaam mpaka alama itokee, chagua kupima umbali, kisha vuta hadi Guangzhou. Utapata kama km 8,700. Rula kwenye ramani ya ukutani itakudanganya, dunia ni duara. Songwe, uwanja wetu wa ndege wa Mbeya, hadi Dar ni karibu km 690 kwa hewa. Basi linakula zaidi ya 800.

2. Gawa zile km 8,700 kwa 900, maana ndege kubwa hukata km 850 hadi 900 kwa saa. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ni saa kumi na dakika chache. Ukipitia Addis Ababa, njia inafika km 9,800 hivi, bado kungoja.

3. Soma saa za tiketi. Hapa usikimbie.

Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na China wametutangulia saa 5. Tuseme tiketi inasema unatoka Dar 03:15, unafika Guangzhou 18:30. Ukitoa moja kwa moja unapata saa 15 na robo, unaanza kuogopa bure. Kwanza geuza 03:15 iwe ya kwao, 08:15. Kutoka hapo hadi 18:30 ni saa 10 na robo.

Sasa kile kilichonila nauli. Sisi usiku wa manane tunauita saa sita, na siku yetu huanza kunapokucha. Siku ya tiketi huanza saa sita usiku. Kwa hiyo 03:15 ya tarehe 12 ni saa tisa na robo, usiku wa KUAMKIA tarehe 12. Mwaka juzi nilifika uwanjani tarehe 12 usiku, begi limefungwa kwa kamba, ndege imeondoka tangu alfajiri ya siku hiyo. Dada wa kaunta alinionyesha tarehe kwa kucha yake, hakusema neno.

Tena unatakiwa ufike saa tatu kabla, yaani 00:15. Basi nyumbani unatoka tarehe 11. Mama mkubwa nilimwandikia pembeni ya karatasi: “Jumatano, tukishakula cha usiku, twende.” Usiandike tarehe 12 popote, utajichanganya. Na zile programu za kukumbusha sizipendi. Karatasi kwenye pochi haiishi chaji.

4. Songwe: shuka Dar siku moja kabla. Ukungu wa huku hauijui tiketi yako.

5. Kurudi. Weka muda zaidi, kwa sababu pepo za juu upande ule huvuma kutoka magharibi na ndege inakwenda ikizikabili. Mfano niliompa: kutoka Guangzhou 20:00, kufika Dar 02:00.

“Kumbe kurudi ni masaa sita tu?”

“Mama mkubwa, toa tano kwanza.”

Akaondoa miwani, akahesabu kwa vidole. “Saa tisa mchana huku. Mpaka saa nane usiku… kumi na moja! Mwanangu, miguu yangu itavimba.”

Nikamwambia achague kiti cha karibu na njia.