Keria ya alumini ya pikipiki kwa oda
Fundi wa Kigoma anayepokea oda ya keria ya alumini aulize habari za mzigo kabla ya kuipima pikipiki, kwa kuwa dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa takriban kilo 18, na madumu manne tayari yanazidi kilo 70. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, lakini ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda, nao ni theluthi moja, hivyo bomba lenye vipimo vile vile vya keria ya chuma litapinda; chagua lenye kipenyo kikubwa zaidi. Joto la kuchomelea hudhoofisha alumini iliyo kando ya mshono, na nyufa huanzia hapo, kwa hiyo viungo vinavyobeba uzito mkubwa viongezewe kipande cha pembetatu. Pale keria inapogusana na fremu ya chuma, weka washa (pete bapa za kutenganisha) za mpira au plastiki, la sivyo unyevunyevu na chumvi ya samaki vitaila alumini. Andika kikomo cha mzigo kwenye risiti, hata kama mteja anacheka.