Kununua mashine ya kukimbilia kwa mtu wa kilomita nyingi: somo kwa wakimbiaji wa Arusha na Moshi

Masika yakianza simu yangu haipumziki. "Kocha, barabara ya Moshono imekuwa uji, ninunue mashine gani ya kukimbilia ndani, ile treadmill?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja, na maswali mliyonitumia nayajibu chini.

Niseme mapema ninakoegemea: anayeweza kutoka nje, atoke. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuvuta hewa hii tunayoamka nayo bure. Lakini si kila mtu anaweza. Yuko nesi anayetoka zamu ya usiku, yuko mama mwenye kichanga, yuko dada anayeogopa kukimbia Njiro saa kumi na moja alfajiri mbwa wakiwa wamefunguliwa, na ana haki ya kuogopa. Kwa hao, na kwa sisi wengine ambao Machi hadi Mei tunageuka wakulima wa mpunga barabarani, mashine ni kifaa cha kazi. Ninamlenga anayekimbia kilomita 50 kwa wiki na kuendelea. Anayetaka kutembea taratibu huku anaangalia tamthilia, mashine yoyote itamtosha, asijisumbue kusoma.

Yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja mjini kwa milioni moja na laki mbili. Kioo kikubwa, spika mbili, stika imeandikwa "hospawa 4", yaani kipimo cha nguvu ya mota. Mwezi wa tano tangu niinunue ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, wa sita ikanyamaza kabisa. Nilipoirudisha, muuzaji akaniambia nimeitumia sana. Mashine ya kukimbilia, kosa langu ni kuikimbilia!

Hatua ya kwanza: anza na ukuta wako, siyo duka

Umeme wetu ni volti 230. Mota ya hospawa 3 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula karibu wati 2,240, na soketi ya ampea 13 hubeba kama wati 2,990. Inatosha, ila isichangie laini na pasi wala jagi la kuchemshia maji. Ekstensheni ndefu ya kuunga-unga usiitumie kabisa. Mwite fundi umeme akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye breka, na ahakikishe ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ipo kweli, siyo tundu la tatu la urembo. Mkanda unaoukimbilia unaposugua ubao ulio chini yake huzalisha umeme tuli, na wewe juu yake unatiririka jasho.

Halafu kuna umeme mdogo. Jioni kila nyumba imewasha kila kitu, volti zinashuka, na mota inayolazimishwa kukubeba kwa volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi na kuchemka. Hapo ndipo mashine nyingi za mtaani hufia. Nunua stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo wa VA 5,000. Kile kidogo cha kulindia friji kitakatika siku ya kwanza. Umeme ukikatika ukiwa unakimbia, mkanda husimama ghafla, shika vyuma vya pembeni. Ukishuka, chomoa plagi kabla umeme haujarudi, kwa sababu ule mshtuko wa kurudi ndio unaounguza bodi ya umeme ya mashine.

Mtego mwingine: mashine za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120 na umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, sisi tuna 50. Utauziwa kwa bei ya kutamanisha, kisha utafute transfoma kubwa ya kushusha umeme, na bado hujui bodi itapokeaje. Mimi huziacha.

Pima na dari. Ubao wa mashine uko sentimita 20 hivi kutoka sakafuni. Ukiinua mwinuko wa asilimia 15, upande wa mbele unapanda sentimita 20 nyingine, na mkimbiaji naye hurukaruka. Mtu wa mita 1.80 kwenye chumba chenye dari ya jipsamu iliyoshushwa atagonga kichwa. Nyuma ya mashine acha mita mbili wazi. Ukiteleza, mkanda unakutupa nyuma, na ukikuta ukuta hapo unabaki katikati ya ukuta na mkanda unaozunguka.

Hatua ya pili: mkanda

Hapa ndipo ninapobishana na wauzaji wote. Wanakuonyesha kioo, wewe toa futi ya fundi cherehani upime mkanda.

Fanya hesabu nami. Mtu anayekimbia kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 5 kwa kilomita, anasafiri mita 3.33 kila sekunde. Mguu ukikaa chini robo sekunde, mkanda utauburuta nyuma kama sentimita 83. Ongeza urefu wa kiatu, sentimita 30. Ongeza akiba ya mbele na nyuma, maana hakuna anayetua mahali palepale kila hatua. Umeshafika mita 1.40. Kwa hiyo mkanda wa sentimita 140 ndio mwanzo, na mwenye miguu mirefu atafute 150 na ushee. Upana usishuke 50. Yangu ya kwanza ilikuwa na mkanda wa sentimita 110, nikawa nakimbia kama kuku aliyefungwa kamba: hatua fupi, mabega juu, macho kwenye ncha ya ubao. Baada ya wiki tatu misuli ya nyuma ya paja ikaanza kulalamika, na nje nikawa mzito.

Hatua ya tatu: mota, na uwongo wa stika

Zipo hospawa mbili. Ya kwanza ni ile mota inayoweza kufikia kwa sekunde chache kabla haijaungua, na hiyo ndiyo inayopendwa kwenye stika. Ya pili ni ya mfululizo, ile mota inayoweza kuhimili muda mrefu, ambayo huandikwa kwa herufi CHP. Uliza hiyo ya pili tu, na usikubali chini ya 3.0.

Muuzaji akikwepa, inama. Mashine nyingi zina kibao kidogo karibu na waya wa umeme, kimeandikwa wati au ampea. Hospawa moja ni wati 746, kwa hiyo hospawa 4 za kweli zingehitaji karibu wati 3,000. Ukikuta kibao kinasema wati 1,500, umeshajua unaongea na nani. Asante, kwaheri.

Hatua ya nne: mengineyo, kwa haraka

Kasi ya juu: kilomita 16 kwa saa ni dakika 3 na sekunde 45 kwa kilomita, 18 ni 3:20, na 20 ni 3:00. Anayelenga marathoni ya saa tatu anahitaji wastani wa kilomita 14.1, lakini vipande vifupi atavikimbia kwa kasi zaidi, kwa hiyo 18 ndiyo chini yake. Mwinuko ufike angalau asilimia 12. Rola, zile zinazozungusha mkanda, ziwe nene, kwani rola nyembamba hukunja mkanda kwa ukali na kuuzeesha. Uzito unaoruhusiwa uzidi wako kwa kilo 30 au zaidi. Na mashine yenyewe iwe nzito. Kijana akiibeba peke yake begani kuipeleka kwenye bajaji, hiyo siyo ya mkimbiaji.

Vingine, yaani bluutuuthi, programu hamsini na kishikio cha chupa, ni mapambo.

Hatua ya tano: nenda na viatu vyako

Usinunue kwa picha. Vaa raba, panda, kimbia dakika 20 kwa kasi yako ya kawaida na dakika tano za kasi ya mashindano. Sikiliza. Kila mguu unapotua, mkanda ukisita kidogo kisha ukaendelea, mota ni dhaifu au mkanda umelegea. Shuka uguse kifuniko cha mbele: joto sawa, harufu ya kuungua hapana. Muuzaji akisema hairuhusiwi kukimbia dukani, ameshakujibu.

Kisha muulize swali moja: mkanda ukichakaa naupata wapi? Waranti ya miaka mitano ambayo ofisi yake iko ng'ambo haimsaidii mtu wa Sakina. Mimi ningechukua mashine ya kawaida ambayo fundi wa hapa ameshawahi kuifungua kuliko ya kifahari isiyo na spea Tanzania nzima.

Ikishafika nyumbani: usiamini namba

Weka alama ya chaki kwenye mkanda na upime urefu wake wa kuzunguka wote. Tuseme mita 3.2. Washa kilomita 12 kwa saa, wewe ukiwa unakimbia juu, mwenzako ahesabu mizunguko 50 kwa saa ya mkononi. Hizo ni mita 160, zinatakiwa kuchukua sekunde 48. Zikichukua 50, kasi yako halisi ni 11.5, na ile dakika 5 unayojivunia ni 5 na sekunde 12. Hamna ubaya, ilimradi unajua.

Kuhusu ule ushauri mnaousikia, kwamba mashine iwekwe mwinuko wa asilimia 1 ili ifanane na nje: ulitokana na utafiti wa Andrew Jones na Jonathan Doust wa mwaka 1996. Ndani hakuna upepo wa kukabiliana nao, na asilimia 1 hufidia. Ukikimbia polepole upepo wenyewe ni mdogo, kwa hiyo usipoteze usingizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Tengeru: Kocha, nimepata ya mtumba iliyokuwa jimu, kuna mpya ya bei hiyohiyo dukani. Nichukue ipi?

Ya jimu, ukiikagua. Mashine za jimu zimejengwa kukimbiwa siku nzima. Omba uone masaa iliyofanya kazi, nyingi huyahifadhi kwenye kioo. Ingiza mkono chini ya mkanda (imezimwa, jamani): ubao ukiwa na bonde au mkanda umekuwa laini kama ngozi ya ngoma, punguza bei ya kuvibadilisha. Na uangalie isiwe inataka laini ya umeme tofauti na ya nyumbani.

Dada wa Njiro: Mume wangu anasema itamaliza Luku. Nimjibu nini?

Mjibu kwa Luku yenyewe. Mimi niliangalia mita kabla na baada ya saa moja ya mbio za kawaida, kila kingine kimezimwa: haikufika uniti moja. Mota haili nguvu zote muda wote. Pasi yake ya Jumapili aichunguze kwanza.

Wa Pasua, Moshi: Najiandaa na Kili Marathon. Mashine inaweza kunifundisha kile kilima cha Mweka?

Kupanda, ndiyo. Weka mwinuko wa asilimia 3 kwa dakika kumi, panda 4, panda 5, bila kushika vyuma. Ukishika unajidanganya. Shida ni kurudi. Mashine nyingi hazishuki, na mapaja huharibikia kwenye mteremko. Kwa hiyo Jumamosi toka, panda kwa miguu yako na ushuke. Joto nalo: ninyi wa Moshi mmelizoea, ila sisi wa Arusha tukishuka huko mwishoni mwa Februari tunaungua. Wiki mbili za mwisho mimi huzima feni kwa vipindi vifupi, maji yakiwa karibu. Siku nyingine zote feni kubwa usoni ni lazima.

Kijana wa Ngaramtoni: Shikamoo mwalimu. Kuna mtu amewahi kufanya cha maana kwa mashine tu?

Marahaba. Mwaka 2000 Christine Clark, daktari na mama wa watoto kutoka Anchorage, Alaska, alishinda mchujo wa marathoni wa wanawake wa Marekani kwenda Olimpiki ya Sydney kwa muda wa saa 2, dakika 33 na sekunde 31. Mazoezi yake mengi ya kipindi cha baridi aliyafanya kwenye mashine nyumbani, nje kuna barafu. Sasa wewe na tope la Ngaramtoni niambie.

Wa Usa River: Vipi zile zilizopinda kama mtumbwi, zisizotumia umeme?

Nzuri, na TANESCO haikuhusu. Ila bei yake inakata pumzi kabla hujakimbia, na kasi ileile ni ngumu zaidi kuliko kwenye mkanda wa mota. Usilinganishe muda wako na wa nje.

Baba wa Kijenge: Nina mtoto wa miaka mitatu.

Ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo bila hiyo mashine haiwaki, ukimaliza ichomoe, iweke juu ya kabati. Mlango ufungwe. Mkanda ukinasa kidole cha mtoto huchuna ngozi mpaka ndani. Kama chumba hakifungiki, kwa sasa usinunue.

Dada wa Njiro tena: Mkanda umekuwa mkavu, unalia. Naweza kutia mafuta ya cherehani?

Hapana. Ni oili ya silikoni pekee, matone machache chini ya mkanda kila baada ya miezi miwili mitatu, na uifute ile vumbi yetu nyekundu karibu na mota kabla ya kutia. Mafuta yanayotokana na petroli, kama hayo ya cherehani, huula mkanda. Na kabla hujauliza, alizeti pia hapana. Yuko mwenzetu alijaribu, nyumba ikanuka chipsi wiki nzima.