Kumpa mtoto kitabu kisirudi mkononi mwako

Usianze na "kitabu hiki kizuri sana." Nilimwambia hivyo mpwa wangu wa darasa la sita, akakitia chini ya godoro.

Siku hizi nasimulia kipande kimoja tu, halafu nanyamaza. Kwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert naanzia usiku: liwali mpole, msifika wa haki, anawachapa manyani wawili, kisha anawalisha. Kwa nini? "Sijui, soma." Kwa Kisiwa chenye Hazina naanzia kijana Jim akiwa amejibanza ndani ya pipa la matufaha, maharamia wanapanga mauaji hatua mbili kutoka alipo. Hapo ndipo nasema chai inapoa, naondoka.

Kiswahili cha Shaaban ni kizito, tusidanganyane. Basi kurasa za mwanzo msomee wewe, kwa sauti, na maneno magumu uyaeleze ukipita, bila kukigeuza kitabu kuwa somo. Kamusi ikae kando.

Asiyependa hadithi za mazimwi usimlazimishe. Mpe safari za baharini. Na akifika ukurasa wa ishirini akachoka, kipokee bila kununa. Mpwa wangu alikirudia mwenyewe baada ya mwezi, umeme ulipokatika.